Thesis ya masta: watchi na yaya kwenye komedi za TV

Wasee, nafanya masta ya mawasiliano hapa Nairobi. Nataka kuangalia vile komedi zetu huonyesha watchi (mlinzi wa geti) na yaya, unajua watchi lazima awe na lafudhi ya Magharibi mwa Kenya na yaya ni mshamba wa mwisho. Supavaiza anataka nadharia, nianzie wapi?

Mtaa_Umoja: Jaribu nadharia ya kaltivesheni ya George Gerbner, msomi wa mawasiliano, ile inasema ukikaa sana mbele ya TV unaanza kuona dunia iko hivyo. Shida ni lazima upate watazamaji, kuhesabu episodi pekee haitoshi.

NyaKayole: Mi ningeenda na Stuart Hall, msomi wa utamaduni na media, nadharia yake ya 1973 ya encoding/decoding, yaani vile ujumbe hutungwa na vile mtazamaji huuelewa. Yeye anasema mtu anaweza kukubali ujumbe, kuukubali nusu ama kuukataa kabisa. Sasa dadangu ongea na mayaya wenyewe, kuna mwenye atacheka na kuna mwenye ataboeka, hapo ndio utamu wa thesis uko, supavaiza atapenda. Na usiwahoji mbele ya mdosi, ngoja siku ya ofu.

Mtaa_Umoja: Kweli. Lakini kibali cha utafiti cha NACOSTI, ile tume ya serikali ya sayansi, kwanza.