Asistanti wa gesi za Kivu, televisheni inaniita: niingie au nisubiri?

Kijana_wa_Kadutu (Bukavu)
Jambo wakubwa. Niko asistanti wa chuo kikuu, kemia ya maji. Utafiti wangu ni gesi za Ziwa Kivu, tasnifu bado iko mezani. Televisheni moja ya hapa mjini inataka niendeshe kipindi cha sayansi kila wiki, dakika 26, Kiswahili na Kifaransa. Kwanza wananitaka kama mgeni, moja kwa moja hewani. Promota, yaani msimamizi wa tasnifu yangu, hajakataa, lakini uso haukucheka. Nianze vipi, niulize nini kabla ya kukubali, na lile swali la "ziwa litalipuka lini?" nilijibuje bila kutisha watu wala kuwadanganya?

Mwalimu_Ibanda
Mdogo wangu, hapo kuna kazi tatu tofauti. Mgeni anajibu maswali, mshauri anakagua maandishi nyuma ya kamera, mtangazaji anabeba kipindi kizima. Ugeni unakula nusu siku. Utangazaji wa dakika 26 kila wiki uuwekee siku mbili kamili: kutafuta wageni, kuandika, kupiga picha, kukaa kwenye montaji (kukata na kuunga picha), kurudia sentensi iliyoharibika. Kwa mwendo huo tasnifu itaota vumbi. Omba kipengele cha dakika 3 ndani ya kipindi walicho nacho tayari, mara moja kwa mwezi. Wakikataa, ujue walitafuta mtu wa kujaza nafasi.

Mtazame Alice Roberts wa Uingereza. Mwaka 2001 aliingia kwenye televisheni kama mtaalamu wa mifupa ya binadamu, akaulizwa mifupa. Utangazaji ulifuata baadaye. Wewe mlango wako ni gesi ya Kivu. Wakikuuliza habari za chanjo, uwe na jina la mtu mwingine wa kuwapa.

Kwa promota, andika barua ya ukurasa mmoja, nakala kwa dekano: mada, tarehe, na ahadi kwamba takwimu ambazo hazijachapishwa hazitatoka. Hapo ndipo vijana wanapoungua. Data ya timu ni ya timu, na ukiitaja hewani kabla wenzako hawajakubali, safari ijayo ya sampuli hutaitwa. Halafu majarida kama Nature na Science hufunga habari ya makala hadi saa ya kuchapishwa. Kabla ya saa hiyo usimpe mwandishi yeyote. Na cheo kinapanda kwa makala, si kwa vipindi. Sisemi ni haki, nasema ndivyo ilivyo.

Dada_wa_Redaksio
Mwalimu kasema, mimi naongeza ya studio. Piga simu redaksio, yaani chumba cha habari, usiishie kwa yule aliyekualika. Uliza kama ni habari, mjadala au kipindi kilicholipiwa. Uliza nani mwingine atakaa mezani: ukiwekwa katikati ya wanasiasa wawili wanaovutana, umeshakuwa refa. Jina na cheo chako viandike kwenye karatasi, umpe fundi anayeandika maneno ya chini ya kioo, la sivyo utatoka "Profesa" na kesho kitivo kizima kinakucheka.

Hewani moja kwa moja hakuna anayekukata, lakini pia hakuna anayekuokoa. Kwenye kurekodiwa, maneno yako ya dakika kumi yatabaki sekunde 15. Kwa hiyo usiseme "Hatari ipo" ukanyamaza, halafu "lakini…". Fundi wa montaji anakata pale pale kwenye nukta. Tahadhari iingie ndani ya sentensi ile ile: "Gesi ni nyingi lakini imekandamizwa na maji mazito, na vipimo havionyeshi kuwa iko karibu kutoka."

Usidai kuona kipindi kabla hakijarushwa, redaksio haikupi. Omba tu wakusomee namba kwa simu. Hilo wengi wanakubali kwa sababu linawalinda na wao.

Na coupage, pesa wanazopewa waandishi ili waje, tuiseme wazi. Ukiita waandishi kwenye warsha yako, watangojea bahasha ya "transport". Kitivo kiamue mapema, siyo wewe mlangoni. Wakikuita wao halafu wakutajie bei ya dakika, hilo ni tangazo, na mtazamaji ana haki ya kuambiwa hivyo.

Fundi_Mikro
Mambo ya mwili na vyombo. Mikro ndogo ya nguo inabanwa kifuani, kama shibri moja chini ya kidevu. Mkufu na beji ziondoke, zinagonga. Shati la mistari myembamba linacheza kwenye kioo, vaa rangi moja, na kama nyuma yako kuna pazia la kijani usivae kijani. Ufukweni mwa Kivu upepo unaua sauti, mikro bila manyoya usiitumie. Groupe (jenereta) likinguruma jirani, songeni mbali au ngojeni umeme wa shirika la SNEL. Hakuna montaji itakayolitoa vizuri.

Mazuku_si_mchezo (Goma)
Narudi kwenye swali la ziwa, maana hilo ndilo litakalokumaliza au kukujenga. Wataalamu wengi hukimbilia mfano wa chupa ya Fanta. Uache. Mtazamaji anabaki na neno "kutikisa", kesho anaogopa boti. Mawimbi hayafiki huko. Ziwa lina kina cha mita 485 hivi, na gesi nyingi imelala chini ya mita 260, takribani kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksidi na 60 za methani. Shinikizo lake, hata kwenye kina kibaya zaidi, ni nusu na ushee tu ya kiwango cha kuanza kutoa mapovu.

Watakutajia Ziwa Nyos, Kameruni: Agosti 1986 lilitoa gesi, watu kama 1,700 wakafa. Kubali, ni kweli. Kisha waambie kwamba Januari 2002 lava ya volkano Nyiragongo iliingia Kivu hapa Goma, na gesi ya chini haikutoka. Hiyo siyo dhamana ya milele, na useme hivyo. Usichanganye pia na mazuku: ile ni gesi inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo kwa kuwa ni nzito kuliko hewa.

Wakati volkano imeamka, funga mdomo. Mei 2021 lava ilitoka tarehe 22, amri ya kuhama ikaja tarehe 27, na katikati kila simu ilikuwa na mtaalamu wake. Tangu 1999 chama cha wanavolkano cha IAVCEI kinashauri wanasayansi watoe ujumbe mmoja kwa umma wakati wa hatari. Jibu lako siku hiyo: "Sikilizeni OVG, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma, na mamlaka." Basi.

Kijana_wa_Kadutu
Aksanti sana wakubwa. Ugeni nakubali, kipindi cha kila wiki nakataa. Wanaomba pia video ya majaribio. Niitengeneze vipi kwa simu?

Fundi_Mikro
Sekunde 90, simu ikiwa imelala, picha 25 kwa sekunde, maana umeme wetu ni wa hezi 50 na ukitumia 30 taa zinaweza kupepesa. Dirisha mbele ya uso, siyo mgongoni. Mikro ya waya, hata ya bei ndogo, inashinda ile ya simu. Swali moja tu, kwa mfano kwa nini samaki hawaishi chini kabisa ya Kivu, jibu ndani ya sekunde 20 za kwanza. Rekodi Kiswahili peke yake, Kifaransa peke yake. Ukichanganya hawataona unaweza ipi. Baada ya neno la mwisho tulia sekunde 3 ukitazama kamera, montaji inahitaji nafasi ya kukata.