Mjadala: Tarehe 9 Desemba tunaadhimisha uhuru wa nchi gani?

Wadau, salaam. Juzi binti yangu wa darasa la sita alikuwa anachora bendera kwa ajili ya kazi ya shule. Akaniuliza, "Baba, bendera ya Tanzania Bara ilikuwa na rangi gani?" Nikamwambia hakuna bendera ya namna hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza ilipoteremshwa, iliyopanda ilikuwa ya Tanganyika: kijani juu na chini, nyeusi katikati, na michirizi ya njano ikizitenganisha. Alinitazama, akaandika "Tanganyika", kisha akafuta. Mwalimu alikuwa ameandika ubaoni "Uhuru wa Tanzania Bara".

Msimamo wangu ni huu: siku hiyo iitwe kwa jina lake, Uhuru wa Tanganyika.

Najua hoja ya kwanza itakayokuja: Tanganyika ni jina la mkoloni. Ni kweli, Waingereza ndio walioipa nchi jina hilo mwaka 1920, baada ya Wajerumani kuondoka. Lakini wazee waliokutana Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 kuunda TANU, chama kilichopigania uhuru, walilichukua jina hilohilo wakalifanya lao. T katika TANU ni Tanganyika. Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha mwenge na bendera kileleni Kilimanjaro, alivipeleka kwa niaba ya Tanganyika. Umoja wa Mataifa nao uliipokea Tanganyika Desemba hiyohiyo ya 1961. Tukilifuta jina, tunawafuta na hao.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: wapo wanaohofia kwamba kulitaja jina hilo ni kuchokonoa Muungano. Hofu hiyo naiheshimu. Ila hebu fungueni Katiba ya 1977, ibara ya 151, inapofafanua "Tanzania Bara": ni eneo ambalo zamani lilikuwa eneo la Jamhuri ya Tanganyika. Katiba yenyewe inalitaja bila woga! Na tarehe 26 Aprili 1964 zilizoungana ni nchi mbili zenye majina. Muungano ukielezwa bila kumtaja mmoja wa waliofunga ndoa, mtoto ataelewa nini?

Ndugu zangu wa Zanzibar, hapa nawahitaji hasa. Tarehe 9 Desemba ni sikukuu hata Unguja na Pemba, wakati 1961 Zanzibar ilikuwa bado chini ya ulinzi wa Mwingereza. Uhuru wenu wa tarehe 10 Desemba 1963 hauna sherehe; kinachoadhimishwa ni Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, kwa kuwa waliopindua walisema ule ulikuwa uhuru wa Sultani. Je, kwenu tarehe 9 ni siku yenu, au ni ya jirani mnayemsindikiza?

Anayetetea "Tanzania Bara" naye aje na hoja. Mimi nitasoma na nitajibu.