Nina presha, na sasa nimeandikiwa kuwa nina sindromu ya kimetaboli. Je, ni ugonjwa mpya?

Mkazi wa Tabata

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Mimi ni mwanamume wa miaka 52, mfanyakazi wa ofisini hapa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa ninatumia dawa za presha, yaani amlodipini na ile ya kukojoza, haidroklorothiazidi. Daktari aliniagiza vipimo vya damu asubuhi kabla ya kula, na majibu yakawa hivi: sukari 6.3, lehemu (kolesteroli) nzuri iitwayo HDL 0.9, trigliseridi, yaani aina ya mafuta ya kwenye damu, 1.4 (zote tatu kwa milimoli kwa lita), kiuno sentimita 104, na presha 138/86 ingawa dawa sijaziacha. Chini ya majibu hayo ameandika kwamba nina sindromu ya kimetaboli, lakini foleni ilikuwa ndefu na sikupata nafasi ya kumhoji. Je, nimepata ugonjwa mwingine juu ya presha? Kama trigliseridi zangu ni za kawaida, kwa nini nimewekwa katika kundi hilo? Jirani yangu ananishauri niache dawa ya kukojoza, akidai ndiyo iliyonipandishia sukari.

Tabibu wa Temeke

Ndugu yangu, pole na hongera kwa kupima. Jina hilo si la ugonjwa mmoja, bali la mambo matano ambayo hupenda kukaa pamoja ndani ya mwili mmoja, na mtu akiwa na matatu kati ya hayo huhesabiwa kuwa nayo. Kwa mwanamume, vigezo vinavyotumika sana tangu mwaka 2009 ni kiuno kuanzia sentimita 94 (kwa mwanamke 80), presha kuanzia 130/85 au kutumia dawa zake, sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6, trigliseridi kuanzia 1.7, na HDL iliyo chini ya 1.0 (kwa mwanamke 1.3). Wewe unayo manne. Hiyo trigliseridi ya kawaida isikutulize sana, kwa sababu imeonekana mara nyingi kwamba watu wenye asili ya Afrika huwa na trigliseridi za chini hata pale ambapo insulini, yaani homoni inayoshusha sukari kwenye damu, haifanyi kazi vizuri mwilini mwao.

Kiini cha jambo ni mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na matumbo. Mafuta hayo humwaga asidi za mafuta kwenye damu, ini likaongeza kutengeneza sukari, na misuli ikaanza kuipuuza insulini, hivyo kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi. Nayo insulini ikizidi huzifanya figo zing'ang'anie chumvi na maji, jambo ambalo huipandisha presha. Ndiyo maana presha na kitambi huandamana. Sukari yako ya 6.3 bado si kisukari, kwani kisukari huanzia 7.0, lakini mwenye hali hii ana hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili inayokaribia mara tano ya asiye nayo, na hatari ya maradhi ya moyo na kiharusi inayokaribia mara mbili.

Mfamasia wa Sinza

Naomba kuongezea kuhusu dawa, maana ushauri wa jirani una chembe ya ukweli, na hapo ndipo hatari yake ilipo. Dawa za kukojoza za kundi la haidroklorothiazidi huweza kupandisha sukari kidogo, hasa kwa dozi kubwa na pale madini ya potasiamu yanaposhuka kwenye damu. Hata hivyo, katika utafiti mkubwa uitwao ALLHAT, uliotolewa mwaka 2002 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 33,000 wa presha, takriban theluthi yao wakiwa weusi, dawa ya kundi hilohilo haikuzidiwa na amlodipini wala lisinoprili, dawa nyingine ya presha, katika kuzuia vifo vya moyo. Ukiiacha ghafla kwa kuogopa sukari, presha itapanda, na presha ndiyo yenye kuleta kiharusi. Mwulize daktari wako kama dozi ipunguzwe au dawa ibadilishwe; duka la dawa si mahali pa kuamulia hilo, na nasema hivyo nikiwa nyuma ya kaunta.

Kuhusu jina lenyewe, binafsi silipi uzito mkubwa. Wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani walieleza mwaka 2010 kwamba lina manufaa zaidi katika kuelimisha kuliko katika kutibu, kwa sababu kila kipengele hutibiwa chenyewe.

Mama wa Mbagala

Kaka, mimi si mtaalamu, ila mume wangu ana hali kama yako. Kwetu kilichosaidia ni kuangalia vinywaji kabla ya chakula, kwa sababu soda moja ya chupa ina sukari ya zaidi ya vijiko saba vya chai, na yeye alikuwa akiinywa pamoja na chipsi kila mchana. Sasa anabeba ugali mdogo, mchicha na dagaa kutoka nyumbani, na jioni hushuka kwenye daladala vituo viwili kabla ili atembee.

Tabibu wa Temeke

Dada amesema vyema. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2002 ulionyesha kuwa watu waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58, wakati metformini, ambayo ni dawa ya kisukari, ilipunguza kwa asilimia 31.

Mkazi wa Tabata

Nawashukuru sana. Jambo moja bado linanitatiza: suruali zangu ni saizi 36, yaani kama sentimita 91. Hiyo 104 imetoka wapi?

Tabibu wa Temeke

Suruali wengi wetu huifunga chini ya kitambi, kwa hiyo mkanda haupimi tumbo. Chukua futi ya fundi cherehani, simama wima bila shati, tafuta ukingo wa chini wa ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga, kisha izungushe katikati ya hapo na usome baada ya kutoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani. Siku ya kurudi, mwombe daktari kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, cha figo, na cha protini kwenye mkojo, na umweleze ulichoambiwa na jirani kabla hujagusa dozi yoyote.