Mrejesho: breki na upepo wa matairi kwa mbio za baiskeli za kuteremka mlima Fort William

Niliuliza kwa nini breki ya nyuma ya baiskeli inapotea katikati ya mteremko, na matairi yajazwe kiasi gani kwa mbio za kwanza za kulipwa kule Fort William, Uskoti. Asanteni wakuu, majibu yamesaidia.

Breki ilikuwa inazidiwa na joto. Njia ile ina kama kilomita 2.8 na inashuka zaidi ya mita 500. Pedi za resini (vipande vinavyobana diski ya gurudumu) ziliungua, uso ukawa unang'aa, mshiko ukaisha. Sasa kuna pedi za chuma na diski ya milimita 220 badala ya 200 (hakikisha kwanza fremu inaruhusu). Pedi mpya huzoeshwa: kimbia kasi ya wastani, kamata breki taratibu hadi ukaribie kusimama, achia, rudia mara 20 hivi. Usifunge gurudumu. Ukiruka hatua hii itapiga kelele na haitashika. Mkono wa breki ukizama hadi kwenye usukani, hiyo ni hewa ndani ya mafuta; itoe kabla ya kulaumu pedi.

Upepo, kwa mwendeshaji wa kilo 75: mbele psi 23 (kipimo cha shinikizo la upepo), nyuma 26, tairi nene zisizo na tyubu. Ukipunguza zaidi, jiwe linagonga rimu. Ukizidisha, tairi linateleza kwenye mawe yenye maji, na kule mvua haikauki. Tumia geji ileile kila siku, maana pampu hazikubaliani.

Kilichobaki ni misuli ya mikono kukaza kabla ya miruko ya mwisho. Mikono ya breki imesogezwa karibu na vidole. Kuna lingine la kujaribu?