Kumwuliza afande "kosa langu nini?" ni kujisaidia au kujiponza?

Bodaboda wa Mwanga
Wana Kigoma, nataka tubishane. Juzi jioni nimesimamishwa nikielekea Kibirizi. Abiria mmoja, helmeti ipo, leseni ipo. Nikauliza kwa adabu, "Shikamoo afande, kosa langu nini?" Jibu: "Kumbe wewe mwanasheria!" Pikipiki ikalala kituoni, mimi nikatoka saa nne usiku. Mwenzangu wa kijiweni alikamatwa na mshikaki, abiria wawili mgongoni, akasema tu "nisamehe mkuu", akaandikiwa elfu kumi yake akaenda zake. Sasa hizi haki tunazosomewa redioni ni za nani?

Dereva wa Kasulu
Za kwenye karatasi. Na nyie wa mjini mna nafuu, mnaulizwa leseni. Huku kwetu, karibu na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, swali la kwanza ni "wewe raia?" Kiha chetu na Kirundi cha Burundi vinafanana, na askari aliyehamishwa kutoka Mtwara hana sikio la kuvitofautisha. Naambiwa sheria inaniruhusu kunyamaza. Nikinyamaza pale kizuizini si ndiyo nimeshakuwa Mrundi?

Msaidizi wa kisheria, Ujiji
Kaka wa Kasulu, hapo kuna mkanganyiko. Jina na anwani unataja. Unachoweza kukataa kujibu ni maswali ya tuhuma, na anayekuhoji anatakiwa akuonye hivyo kwanza, kwa lugha unayoielewa.

Kwako wa Mwanga: Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayekukamata akuambie kosa. Hukukosea kuuliza. Ila mimi nawaambia watu wangu: uliza mara moja, usibishane, tazama saa. Saa ndiyo mali. Muda wa kawaida wa kumhoji mtu aliye chini ya ulinzi ni saa nne tangu akamatwe, nao unaweza kuongezwa kwa utaratibu wake. Mahakama ya Rufani imeshayatupa maelezo ya onyo, yaani yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa, yaliyoandikwa nje ya muda, na si kesi moja. Kule hakuna anayekuita mwanasheria kwa kejeli. Lakini usipojua ulikamatwa saa ngapi, wakili wako atasimamia nini?

Mama wa Gungu
Mwanangu, pikipiki yenyewe inafika Mahakama ya Rufani? Yeye anataka kulala kwake leo. Mimi haki moja imenifaa: mwanamke anapekuliwa na mwanamke. Nilisema hivyo nikiwa na kapu la dagaa, wakamwita askari wa kike, tukamalizana. Sikupandisha sauti.

Askari mstaafu
Nimekaa vizuizini miaka mingi, nitasema upande wetu. Mkoa huu una mpaka na silaha zimeshapita humu. Mtu akinisogezea simu usoni anarekodi kabla hata sijamsalimu, namwona mtu anayeficha kitu. Alivyouliza mama ndivyo kuuliza. Yule aliyekujibu "mwanasheria" amekosea, sitamtetea.

Bodaboda wa Mwanga
Mzee, asante, lakini sikushika simu. Niliamkia. Kwa hiyo adabu nayo haikutosha?

Msaidizi wa kisheria, Ujiji
Haikutosha siku ile, kweli. Kuna na hili: dhamana ya polisi hailipiwi. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha havina dhamana. Pikipiki si mojawapo. Na asiye na kosa zito asipofikishwa mahakamani ndani ya saa 24, anatakiwa aachiwe kwa dhamana. Ulitoa chochote ili utoke?

Bodaboda wa Mwanga
Hilo niachie.

Dereva wa Kasulu
Haya, tumejibiwa. Dhamana bure, lakini mdhamini anaulizwa kitambulisho, na kaka yangu wa Buhigwe ana namba ya NIDA tu, kadi bado. Saa nne usiku nani ananidhamini?