Wanaosema kisu kinasambaza saratani ya titi: tuliougua na tuliouguza, tupeane uzoefu

Mama wa Njoro

Wanajamvi, heri kwenu. Uzi huu ni wa waliougua saratani ya titi na waliouguza, hasa sisi wa Moshi na Arusha. Nilitibiwa hapa Moshi na ninaendelea vizuri. Kila nikienda kumwona mgonjwa mpya nakutana na neno lile lile: "Usikubali kukatwa kinyama, uvimbe ukiguswa saratani itasambaa." Kinyama ni kile kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kwenda kupimwa. Linasemwa kanisani, linasemwa sokoni Mbuyuni, tena na watu wanaotupenda kwa dhati. Nimeona wanawake wakikaa na uvimbe mpaka ngozi inachubuka na kutoa maji kwa sababu ya neno hilo.

Wangu niliugusa nikijipaka mafuta, upande wa juu karibu na kwapa. Mgumu, hausogei vizuri, hauumi. Kutouma huko ndiko kunakotudanganya wengi. Pale hospitali ya rufaa ya KCMC walinichoma ganzi, kisha ikaja sindano nene yenye springi, ikilia kila inapokata. Vikatoka vipande vyembamba, vyeupe, wakavitia kwenye kichupa chenye dawa. Basi, plasta, nikapanda daladala kurudi nyumbani.

Majibu yalionyesha ni saratani yenye vipokezi vya homoni, yaani inayokuzwa na homoni za mwili, na tezi za kwapani zilikuwa tayari zimevimba. Kwa hiyo seli zilishafika kwapani kabla sindano haijanigusa! Nilianza na kemo, zile dawa kali za kuua seli za saratani, ili uvimbe usinyae, ikafuata operesheni, kisha mionzi katika hospitali ya saratani ya Ocean Road Dar es Salaam nikiwa nalala kwa wifi yangu, na sasa niko kwenye tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni isikuze saratani.

Naomba tuelezane ukweli, hata habari zilizoisha vibaya. Mgonjwa wenu alipoambiwa kisu kinasambaza, aliamua nini, na ikawaje?

Kijana wa Sakina

Hongera mama, Mungu azidi kukushika. Mimi naandika kwa uchungu. Mama yangu mzazi alikatwa kinyama, sitaitaja hospitali. Majibu yakachelewa, tunaambiwa njooni wiki ijayo, njooni wiki ijayo. Yalipotoka alikuwa anakohoa na hawezi kulala chali. Picha ya kifua ikaonyesha maji kwenye pafu. Msibani mjomba alisimama mbele za watu akasema, "Dada yangu aliingia hospitali akitembea kwa miguu yake." Ukoo mzima mpaka leo unaamini ni kile kisu, na mimi sina cha kuwajibu. Kama kuna mtu wa tiba humu anieleze, maana nina dada zangu.

Muuguzi Mstaafu

Pole sana mwanangu. Sikumhudumia mama yako, kwa hiyo sitasema nisichokijua kuhusu yeye. Ila nimefanya kazi chumba cha upasuaji muda mrefu, na swali lako nimeulizwa na wengi wakiwa wamekaa kwenye benchi na mafaili yao.

Uvimbe wa saratani huachia seli kwenye damu na kwenye mishipa ya limfu (ile ya majimaji ya mwili inayopita kwenye tezi) wenyewe, bila mtu kuugusa. Sindano nayo inaweza kusogeza seli chache kwenye njia iliyopita, hilo silifichi, limeonekana kwa hadubini. Lakini seli kusogea si sawa na saratani kuota mahali pengine. Nyingi hufa njiani: damu inazisukuma kwa nguvu, kinga ya mwili inazishambulia, na zikifika ugenini hazipati mazingira ya kuishi. Ugonjwa wa kujaza pafu maji kwa kawaida ulishafika huko zamani, ukiwa mdogo usioonekana, ndipo ukajitokeza wakati watu wote wanatazama kidonda cha kinyama. Ndiyo maana kisu kinabeba lawama.

Jambo hili limechunguzwa zamani. Mwaka 1889 daktari Stephen Paget wa London alipitia kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi. Akakuta ini limeshambuliwa mara nyingi sana na wengu mara chache, ilhali damu inafika kote kuwili. Akasema seli hizi ni mbegu: zinapeperushwa kila upande, ila zinaota kwenye udongo unaozifaa tu. Kwa saratani ya titi udongo huo mara nyingi ni mifupa, mapafu, ini na ubongo.

Halafu kuna kazi ya Bernard Fisher na wenzake huko Marekani. Madaktari wa kabla yake walikuwa wakiondoa titi lote, misuli ya kifua na tezi zote, wakiamini ukikata kwa upana zaidi unaushika ugonjwa. Kuanzia 1976 Fisher aliwalinganisha wanawake walioondolewa titi zima na walioondolewa uvimbe tu kisha wakapigwa mionzi. Matokeo ya miaka 20 yalitoka 2002: makundi yote mawili yaliishi sawa. Kwa hiyo ukubwa wa kisu haukuamua nani atapona. Kilichoamua kwa sehemu kubwa ni kama seli zilishatoka nje ya titi, na ndiyo sababu tunawasisitizia kemo na vidonge vya kuzuia homoni hata baada ya operesheni nzuri. Dawa hizo zinazifuata seli zilizokwisha kutoka kwenye titi.

Dada zako wasiogope kinyama. Waogope majibu yanayokaa bila kufuatiliwa, na mfuatilie nyie wenyewe, kila mara, mkisumbua kwa heshima.

Baba wa Ngaramtoni

Mke wangu alikimbia kinyama. Aliambiwa na jirani, akaniomba nisimlazimishe, tukaenda kwa mtu wa dawa za kupaka. Zile dawa zilichoma ngozi, uvimbe ukatokeza nje. Sitaki kuelezea sana, ila walioona wanajua: harufu ilimfanya aache kwenda ibadani, akawa anakula peke yake jikoni, hataki wajukuu wamkaribie.

Tulipofika hospitali ini lilikuwa limeshaingiliwa, na huyu hakuwahi kuguswa na kisu cha daktari hata siku moja. Ndiyo sababu nimeandika hapa.

Kemo ilimpa nafuu kwa kipindi, akarudi hata shambani kuangalia maharage. Nesi alitufundisha kusaga vidonge vya metronidazo, dawa ya kuua bakteria, na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda, harufu ikapungua sana, naye akakubali kukaa sebuleni na watu. Mwishoni wale wa tiba shufaa (ya kutuliza maumivu ya mgonjwa asiyeweza kupona) wa hospitali ya Selian walikuja nyumbani na morfini ya maji. Kuna watu walinitisha kwamba morfini inaua. Mimi nilimwona mke wangu akilala usingizi kwa mara ya kwanza baada ya kukesha usiku mwingi. Anayeuguza asiogope kuiomba.

Binti Kiboriloni

Poleni nyote. Nyongeza fupi kwa wanaokwenda kuondolewa titi: utatoka na mrija ubavuni wenye kichupa cha kukusanya maji. Mimi nilikifunga kiunoni kwa mkanda wa kitambaa ndani ya dera, hakionekani. Pima maji kila siku na uandike kwenye daftari. Mazoezi ya mkono uanze mara wanapokuruhusu: simama mbele ya ukuta, tembeza vidole kupanda juu mpaka unapohisi kuvutwa. Bibi yangu alidhani nacheza! Wakitoa tezi za kwapani, mkono ule waambie wasikupime presha wala kukuchoma sindano, na ukianza kuvimba uwahi kliniki.

Dada Usa River

Mimi nina habari ya aina nyingine. Dada yangu mkubwa alikubali kila kitu, kinyama, operesheni, kemo. Akapewa tamoksifeni, kidonge kimoja kila siku, miaka mitano. Joto lilikuwa linampanda usiku mpaka anabadilisha shuka, na kwa kuwa alijiona mzima akaacha kimyakimya. Sisi hatukujua. Miaka ikapita. Akaanza kuumwa mgongo, tukasema ni kubeba ndizi, tukampaka dawa ya kuchua. Maumivu yakawa hayaondoki hata akilala. Kumbe mfupa wa mgongo.

Daktari alitueleza kwamba saratani yenye vipokezi vya homoni ina tabia hiyo, seli zinaweza kulala miaka mingi kwenye uboho ndipo ziamke. Na kwamba kuna utafiti wa mwaka 2013 ulioonyesha kwa wengine miaka kumi ya kidonge ni bora kuliko mitano. Waliokatwa titi msiishie kwenye kisu tu. Mkishindwa na joto la usiku, rudini kwa daktari mwambieni, zipo namna za kusaidia.

Dada yuko nasi. Walimpiga mionzi ya kutuliza mgongo, wakambadilishia dawa. Walisema haitaondoka kabisa ila inazuilika, na hadi sasa anafungua duka lake asubuhi.

Mangi wa Himo

Naomba na wanaume wasome hapa. Baba yangu mkubwa chuchu yake ilivutwa ndani, akaona aibu kusema ugonjwa wa wanawake. Kati ya wagonjwa mia wa saratani ya titi, mmoja hivi ni mwanaume. Alipokubali alikuwa na uvimbe wa kushikika kabisa. Amefanyiwa operesheni, anatumia tamoksifeni hiyo hiyo.

Kijana wa Sakina

Asante sana mama muuguzi. Nimemsomea mjomba maneno yako kwa simu. Hakusema kitu, ila hakukata simu. Swali la mwisho: dada yangu mmoja ana uvimbe mdogo, ana miaka 34, amekubali kwenda. Tuulize nini huko?

Mama wa Njoro

Mwambie kwanza uvimbe mwingi wa titi si saratani, asianze kuandika wosia. Mkifika, ulizeni hivi: majibu ya kinyama yatatoka lini, na namba ya nani tupige siku hiyo ikipita? Ikiwa ni saratani, mwombe vipimo vya vipokezi vya homoni na HER2 (protini inayoweza kuikuza saratani) vifanyike kwenye kinyama hicho hicho, maana dawa inachaguliwa kwa hivyo. Pokeeni nakala ya majibu kwa maandishi, mpige na picha kwa simu, faili likipotea msianze upya. Kama ana bima, waulizeni mapema kipi kinalipiwa. Na asiende peke yake. Mimi Jumanne na Alhamisi sina kazi, akija upande wa Moshi niandikie faragha, nitakaa naye kwenye benchi.