Charlotte Mason: ilikuwaje mwanamke asiye na mtoto akaaminiwa na wazazi?

Baba Rehema (swali)
Salaam, ndugu zangu. Mimi na mke wangu tumeamua kumfundishia mtoto wetu nyumbani, na kila tunapotafuta mwongozo tunakutana na jina la Charlotte Mason wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1923. Jambo moja linanitatiza. Mama huyu hakuolewa wala hakuzaa, na kazi yake ilikuwa ualimu. Ilikuwaje akawa mshauri wa wazazi, tena wa wazazi ambao watoto wao hawakwenda shule?

Mwalimu Mstaafu
Ndugu Baba Rehema, tukumbuke kwanza kwamba katika Uingereza ya wakati ule watoto wengi wa familia zenye uwezo, hasa wasichana, walisomeshwa nyumbani na wanawake walioajiriwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo Mason hakumtoa mtu shuleni bali aliikuta desturi hiyo akaitengeneza. Alizaliwa mwaka 1842, akawa yatima akiwa bado kijana, akasomea ualimu London na kufundisha miaka mingi mjini Worthing kabla ya kuwa mkufunzi wa walimu Chichester. Mihadhara aliyoitoa Bradford katika majira ya baridi ya 1885 na 1886 ndiyo iliyozaa kitabu chake Home Education, na mwaka 1887 kikaundwa chama cha wazazi katika mji huohuo. Kwa maoni yangu, chama hicho ndicho kilichompa nguvu kuliko kitabu chenyewe. Kilikuwa na jarida lake tangu 1890, na kuanzia 1891 familia zilipelekewa kwa posta ratiba, orodha za vitabu na mitihani, hata zile zilizoishi ng'ambo. Mwaka 1892 alifungua chuo Ambleside cha kuwaandaa wanawake hao wa kufundisha majumbani.

Mama Salma
Shikamoo, Mwalimu. Naomba niongeze upande wa vitendo, kwa kuwa nimetumia njia yake kwa miaka miwili. Msingi wake ni kusimulia: mtoto anasomewa kifungu mara moja tu, kisha anakieleza kwa maneno yake mwenyewe. Siku ya kwanza nilimsomea mwanangu wa miaka saba kisa cha fisi. Akasema, "Fisi alikufa," akanyamaza. Nikaanza kumhoji kama hakimu, na hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu Mason hakutaka msimuliaji akatizwe. Baada ya wiki kadhaa nilimkuta akisimulia huku amepanga vizibo vya soda mezani, kila kizibo mnyama wake, na kile cha fisi amekikunja. Vipindi navyo ni vifupi, kama dakika 20 kwa wadogo, na masomo rasmi hayaanzi kabla ya miaka sita. Muda mwingi uliobaki ni wa kuwa nje.

Msomaji wa Usiku
Ninakubaliana nanyi, ila tusimfanye mpinzani wa shule. Mwaka 1914 programu yake iliingia katika shule ya kijiji cha Drighlington, Yorkshire, ikasomwa na watoto wa wachimba makaa ya mawe, jambo lililoendana na imani yake kwamba mtoto ni mtu kamili tangu azaliwe, awe wa tajiri au wa maskini. Wamarekani walipomfufua katika miaka ya 1980, walimchukua zaidi kama mlezi wa masomo ya nyumbani. Kinachonikera ni wanaonunua orodha yake nzima ya vitabu, iliyojaa wafalme wa Uingereza, wakadhani wamemfuata. Alichotaka ni kitabu kilichoandikwa na mtu anayelipenda somo lake, badala ya muhtasari mkavu. Hekaya na historia zetu za pwani zinafaa kabisa.

Baba Rehema
Nawashukuru. Mama Salma, mwanao husimulia kwa lugha gani?

Mama Salma
Kwa Kiswahili, hata kitabu kikiwa cha Kiingereza. Nilipomlazimisha Kiingereza alirudi kwenye "Fisi alikufa."